Mashine ya Kibanda cha Osiako

Nilikuwa nimeshatoka. Mkoba begani, blanketi limefungwa juu yake, niko nusu ya njia ya murram kutoka nyumbani kwa marehemu dada yangu hadi lami ya Butali. Nilikuwa naelekea Migori, ambako mtu aliniahidi kazi ya kulinda tumbaku. Ayuma, binti wa huyo dada, akanifikia mbio.

"Khotsa! Kwani lazima utorokange kama mwizi wa kuku?"

Khotsa ni mjomba. "Niliaga jana," nikamwambia.

"Uliaga ng'ombe. Sisi ulituacha tukikula."

Nyuma yake alikuja kaka yake Osiako, polepole, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa jaketi. Osiako alikuwa mkata miwa. Mkono wa kushoto ndio hushika muwa, wa kulia hukata, na siku moja mwezi wa pili panga liliteleza likachukua vidole viwili, cha shahada na cha kati. Tangu atoke hospitali hakuwa amevuka lango. Leo alikuwa amevuka kwa sababu ya shilingi elfu ishirini na tatu, zilizobaki kwenye mchango wa kanisa baada ya kulipa hospitali. Alikuwa amepata chumba kwa simu, karibu na stendi ya trekta za miwa, afungue kibanda cha gemu. Mwenye chumba alimpa hadi Jumatatu. Asipofungua, chumba kinapewa mtu wa mitumba. Mkata miwa asiyeweza kushika muwa, mimi sikujua kazi nyingine angepata Butali.

"Twende na wewe hadi Kakamega, si ni njia yako," Ayuma akasema. "Wakiona msichana na mgonjwa watatuuzia takataka."

"Mimi hiyo mashine ya gemu hata kuiwasha sijui."

"Nani amekwambia uwashe? Wewe simama tu hapo na huo uso wako."

Duka lilikuwa nyuma ya soko. Muuzaji, msichana anayeitwa Mitchel, alikuwa anatafuna chingamu na kutuangalia viatu. Akapanga mashine tatu juu ya kioo.

"Hii ni PS4, imetumika kidogo, twenty-seven. Hii PS3, gemu zimejazwa ndani tayari, sixteen five. Hii Xbox ya zamani, nayo imejazwa, fourteen. Kila moja iko na pad mbili. TV yenu ni flat?"

"Iko na kisogo kama cha huyu mzee," Ayuma akasema.

"Basi PS4 sahau. Waya yake haiingii kwa TV ya kisogo. Hizi mbili zinaingia." Akamtazama Osiako. "Jaribu, boss."

"Mimi niko sawa," Osiako akasema. Mkono haukutoka mfukoni. "Jaribisha mzee."

Nikapewa hiyo pad, kishikio chenye vibonyezo. Nimeendesha trekta Kitale na nimevuta kamba za feri Mombasa, lakini wale wachezaji kumi na mmoja walinishinda. Kila nilipobonyeza walikimbia upande wangu. Dakika ya tatu nikafunga goli safi.

"Khotsa, hilo ni goli letu!" Ayuma akapiga kelele.

"Goli ni goli."

"Mzee, umejifunga," Mitchel akasema. "Umejifunga na kichwa. Hiyo sijawahi ona."

Nikaendelea. Nilipokaribia kujifunga la pili Osiako hakuweza kuvumilia. "Leta hapa, Khotsa. Unaua watu."

Mkono ukatoka. Mitchel akaacha kutafuna, kisha akageukia skrini kama mtu anayefuata mpira. Nilimpenda kwa hilo.

Pad ya PS ni ndogo, na ile fimbo ya kukimbiza wachezaji iko chini, kidole gumba lazima kijikunje kuifikia. Nyuma yake hapakuwa na vidole vya kuizuia. Ikapinduka, ikaanguka juu ya kioo. Akaiokota, ikaanguka tena. Mara ya tatu akaiegemeza gotini, akafungwa matatu.

"Jaribu ile," nikasema.

Pad ya Xbox ni nene, inajaa kiganja, na fimbo yake ya kushoto iko juu, pale gumba linapolala lenyewe. Alifungwa moja. Kisha akasawazisha. Kisha Mitchel akachukua pad ya pili, akasema sasa ni vita, akapigwa nne kwa mbili.

"Wewe ni nani?"

"Butali wanamuitanga Daktari," Ayuma akasema. "Ukicheza na yeye, unatoka na cheti cha kifo."

Osiako akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwezi wa pili.

"Basi tumemaliza," nikasema. "Hii imekubali mkono wake, na bei iko chini. Lipa twende."

Ayuma akaanza kufungua leso. Osiako akamshika mkono.

"Khotsa, umewahi kuingia kibanda cha gemu?"

"Nimelala ndani ya kimoja, Bungoma."

"Ukilala hukuona. Wawili wanacheza, kumi wako kwa benchi. Hao wa benchi ndio wanachezanga zaidi. 'Mduara! Piga mduara! Pembetatu, we mjinga!' Vibonyezo vya PS viko na hizo alama, wamezijua tangu darasa la tatu. Hii iko na herufi. Nani atapiga kelele 'B'? Watakaa kimya kama kwa matanga. Na kibanda kikinyamaza, watu wanavuka barabara. Kwa ng'ambo kuna mtu ako na PS."

"Watazoea," Ayuma akasema.

"Kwa pesa ya nani? Mechi ni ishirini, na mwenye kushindwa ndiye analipa. Hakuna mtu atalipa ishirini akijifunza kushika."

"Kwa hivyo unanunua mashine yenye wewe mwenyewe huwezi kucheza?"

"Mwenye duka la soda si lazima akunywe soda."

"Wewe ulikuwa unakunywanga kreti nzima!"

Ayuma akanigeukia mimi niseme neno. Nilimwambia Mitchel atupe zote mbili kwa elfu ishirini na tatu, akacheka mpaka chingamu ikatoka. Basi nikamwambia Ayuma pesa ni ya mkono wa Osiako, mwenye mkono ndiye aamue.

"Nipe mechi moja tu ya mwisho kwa hiyo Xbox," Osiako akamwambia Mitchel.

Akapewa. Ilichukua kama dakika kumi. Alishinda mbili bila, akazima mwenyewe, akaiweka pad chini taratibu.

"Funga ile PS," akasema.

Hapo uso wangu ukafanya kazi yake. Nilisimama mbele ya kioo bila kupepesa hadi bei ikashuka elfu moja na pad ya tatu ikaongezwa.

Niliachana nao nje ya duka. Migori nilikuta tumbaku imeshavunwa, nikakaa mwezi mmoja nikipakia mawe, kisha nikavuka hadi Sirari. Habari zao nazipata kwa simu.

Kibanda kilifunguliwa Jumatatu. Yule wa ng'ambo ya barabara bado yuko, wanagawana watu. Ayuma anauza mandazi mlangoni na ameposwa na dereva wa trekta. Mitchel ameacha duka, anasoma uuguzi. Ile Xbox ilinunuliwa na mwalimu wa Navakholo. Osiako analipa kodi kila mwezi na ameweka benchi la pili. Mchana anashika saa na kupokea pesa. Hucheza asubuhi tu kabla ya kufungua mlango, peke yake na mashine, pad ikiwa gotini. Ayuma anasema bado anafungwa.