Punje za Waliokosekana

Usiku wa jana, homa iliponipa nafasi ya kulala, niliota nimeingia ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta.

Mimi hufagia ofisi ya vijana wanaopima kompyuta. Wana programu wanazoziita maktaba, ndizo huiuliza prosesa imefanya nini na imekosea wapi. Mimi hawaniulizi kitu. Tangu nianze kuugua, simu yangu haijalia.

Ndani ni ukumbi mrefu wenye baridi. Mlangoni limesimama kabati la vitabu. Linafungua mlango wake mmoja, linasema:

"Mimi ndiye Maktaba. Taja tukio unalotaka lihesabiwe."

"Shikamoo. Ni mimi, Sekela. Nataka kujua kama kuna aliyeona kwamba sipo."

Linapekua rafu zake. "Kujumlisha lipo. Kubahatisha njia na kupotea lipo. Sekela halipo."

"Niongeze."

"Wahesabuji ni wanne tu, binti. Mmoja akikutazama wewe, lazima aache kingine. Asiyetazamwa tunamkisia."

"Mmenikisia nini?"

"Sifuri."

Nikaketi sakafuni. Sakafu ikaniomba nisogee, kuna namba zinapita. Nikasogea. Ukumbi ukawa jiko la mama kule Tukuyu, ila mama hayupo. Wahesabuji wanne wameketi kwenye vigoda, kila mmoja na chupa yake na punje za mahindi. Tukio lake likipita, anatumbukiza punje. Chupa ikijaa anagonga kengele, anaimwaga, anaanza upya. Hakuna anayeinua macho.

"Shikamooni."

"Marahaba, usitupoteze hesabu," wanaitika kwa pamoja.

Wa mwisho ni mama mmoja nisiyemjua, mwenye kanga iliyofifia. Yeye anahesabu waliokosekana: prosesa ikinyoosha mkono kuchukua kitu mahali pake, isikikute, anatumbukiza punje.

"Mama, mimi nimo humo?"

"Majina siyajui, mwanangu. Naona mikono tu. Upo mmoja wenye kovu kwenye kidole gumba. Kila asubuhi unapapasa dirishani, unatafuta kikombe cha chai. Haukikuti. Natumbukiza."

Nikautambua. Ni mkono wa Mzee Mwaipaja, mlinzi wetu. Huwa namwekea chai dirishani, naye husema "Haya," basi. Nilidhani hata sura yangu haijui.

Machozi yakanitoka.

"Usilie chupani," yule mama akasema, bado anahesabu. "Punje zitaota."

Nikaamka. Kumekucha, shuka limelowa jasho. Nikafungua mlango nimwage maji niliyonawia. Kizingitini palikuwa na kikombe cha Mzee Mwaipaja, kimefunikwa kwa kisahani. Chai bado ya moto. Yeye mwenyewe alikwishaondoka, hakubisha hata hodi.

Juu ya kisahani palikuwa na punje moja ya mahindi. Ilikuwa imeanza kuota.