Mkimbiaji Aliyetoka Arobaini

Tuda hakujua kukaa. Tangu alipojifungua, chumba cha nyuma cha nyumba ya mamamkwe wake, kile chenye jiko la kuni na dirisha la kutazama milima, kilikuwa kimemgeukia jela. Mtoto begani, alikwenda mlangoni, akarudi dirishani, akazunguka jiko, akaenda tena mlangoni. Nje theluji ilikuwa inayeyuka juu ya mapaa ya Azrou, mji wa milimani nchini Moroko, na barabara ya kupanda kwenye mierezi ilianza kuonekana nyeusi tena, imelowa, inang'aa.

"Utanitobolea zulia, wewe," mamamkwe wake alimwambia. Aliitwa Itto, mama mrefu, mjane, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyefanya kazi mashambani maisha yake yote. "Mzazi anakaa. Anakula, ananyonyesha, anakaa. Wewe nani kakuroga?"

"Nimekaa mpaka nimeota mizizi, Mama."

"Ota na majani basi. Kula."

Na kula kulikuwapo. Mkate wa kumegwamegwa uliozamishwa kwenye mchuzi wa kuku, dengu na uwatu. Unga wa kukaanga uliofinyangwa na lozi na asali. Itto alipika kama mtu anayelisha jeshi. Lakini viatu vya mbio vya mkwewe alivifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuvipandisha juu ya kabati, mahali ambapo yeye tu, kwa urefu wake, alifika bila kigoda.

Tuda alikuwa mkimbiaji tangu shuleni. Si wa kujifurahisha. Alishindana kwa niaba ya klabu ya mji, na kuna mwaka alikwenda Rabat akawaacha mabinti wa huko wanameza vumbi. Alipopata mimba alijiambia kwamba atapumzika kidogo tu. Kisha mtoto akaja, msichana, Tilila, mkubwa kuliko alivyotazamiwa, na uzazi ukawa mrefu na mzito, na Tuda akashonwa nyuzi. Walipomruhusu kurudi nyumbani, mkunga, mwenye haraka zake, alimwambia: pumzika arobaini yako, kisha endelea na maisha. Hakusema zaidi. Tuda aliyashika maneno yale kama mtu aliyepewa tarehe ya kufunguliwa.

Simu ya kocha Akka ndiyo iliyotia moto kuni.

"Mashindano ya mkoa ni mwisho wa majira ya kuchipua," alisema. "Nikuandike, nisikuandike?"

"Niandike."

"Maana Shama anajitapa. Anasema njia ya mierezi sasa ni yake."

Shama alikuwa binti mdogo wa klabu, miguu kama ya swala, mdomo kama wa muuza samaki. Tuda hakulala vizuri usiku huo, na haikuwa kwa sababu ya mtoto.

Arobaini ilipoisha, alimwachia mamamkwe wake mtoto, akasema anakwenda kuoga hamamu. Mumewe Moha, fundi wa kuchonga mbao, alimshushia viatu kimyakimya kabla ya kwenda kazini.

"Mama akijua, mimi simo," alisema.

"Umo mpaka shingoni."

"Basi angalau rudi umelowa, uonekane umeoga."

Moha hakujua alichokitabiri.

Kikundi cha klabu kilikuwa kinapasha misuli pale mji unapoishia. Walimpokea kwa vifijo, Akka akampiga begani, na wakaanza kupanda. Mwanzo ulikuwa raha tupu. Hewa baridi iliingia kifuani kama maji ya chemchemi, miguu ikakumbuka kazi yake, na Tuda alitamani kupiga kelele. Nyani walikaa kando ya barabara, wanachambuana manyoya, hawana habari naye. Akampita msichana mmoja, akampita wa pili. Shama alikuwa mbele, mkia wake wa nywele unapiga kulia na kushoto, na Tuda akaongeza mwendo.

Hapo ndipo aliposikia umajimaji. Alidhani jasho. Hatua chache mbele akajua si jasho. Kila mguu ulipogonga lami, mkojo ulimtoka, kidogo, tena kidogo, na hakuwa na namna ya kuuzuia. Alijaribu kubana. Palipokuwa pa kubana hapakuwa na kitu, kama mtu anayetafuta ngazi gizani na mguu ukaangukia hewani. Kisha ukaja uzito, chini kabisa, kama kitu kilichotaka kudondoka.

Walipofika juu, Shama aligeuka, akamtazama toka kichwani mpaka kwenye suruali.

"Dada Tuda! Umemwagikiwa?"

"Chupa," Tuda alisema. "Kizibo kibovu."

"Chupa gani? Sijaiona."

"Na huwezi kuiona, ulikuwa mbele unatuonyesha mgongo."

Wasichana walicheka, naye akacheka nao. Akafunga koti kiunoni, akashuka akitembea, akisema mguu umemkaza. Njia nzima uso ulimwaka moto.

Mtu mwingine angeacha. Tuda alikwenda tena. Alivaa pedi, akavaa suruali nyeusi, akaacha kunywa maji tangu alfajiri ili kusiwe na cha kumwagika. Hamamu ikawa ya kila mara. Itto akasema mkwewe atakuwa mtu safi kuliko wote nchini Moroko. Alikimbia na meno yameumana, na kila aliporudi ule uzito ulikuwa umeshuka zaidi, mpaka jioni alishindwa kusimama jikoni bila kuegemea kitu. Maziwa yakapungua. Tilila akawa ananyonya, anaacha, analia, ananyonya tena. Usiku Moha aliuliza kuna nini, akajibiwa hakuna kitu, na alipouliza mara ya pili akageuziwa mgongo.

Siku moja ya jua Itto alimkuta uani anaanika nguo. Kulikuwa na chupi nyingi kwenye kamba, na suruali ileile nyeusi iliyofuliwa jana na juzi. Itto alizitazama, akamtazama mtoto aliyekuwa anarusha miguu kwenye kapu, kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo Tuda hakuwahi kuisikia kwake:

"Kimeshuka?"

"Nini, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Unahisi kitu kinashuka huko chini?"

Tuda alishika kamba. Alitaka kusema ni mguu, ni chupa, ni hamamu. Kilichotoka ni kilio.

Itto hakumkumbatia, hakuwa mtu wa kukumbatia. Alivuta ndoo, akaipindua, akaikalia.

"Nilimzaa Moha wakati wa kuchuma tufaha," alisema. "Baba yake alikuwa mgonjwa, na tufaha hazingojei. Sikumaliza arobaini. Nilishuka bondeni nikabeba makreti pamoja na wanaume, na nilijiona mwamba. Kuna kreti moja niliinua, nikasikia. Tangu siku hiyo kipo. Nikisimama sana kinakuja, nikilala kinarudi."

"Miaka yote hii?"

"Watu wanadhani nasali kwenye kiti kwa sababu ya magoti. Magoti yangu mazima kama ya mbuzi."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Marehemu? Yule alikuwa anaona haya kutaja hata soksi zangu." Alisonya kidogo. "Viatu vyako sikuvificha kwa ubaya. Sikujua namna nyingine ya kukwambia."

Waliketi pale, nguo zinadondosha matone. Tuda aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Si kwa maumivu. Alimwona mbele yake mwanamke hodari kuliko wote aliowajua, na uhodari ule haukumsaidia.

Wiki ileile walipanda teksi ya pamoja kwenda mjini Meknes, kwa mtaalamu wa tiba ya viungo aliyewatibu wanawake waliotoka kuzaa. Itto alisema anakwenda kumshika mtoto tu. Mtaalamu aliitwa Nezha, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, asiye na haraka. Alimpima Tuda nyuma ya pazia, akamuuliza mambo ambayo Tuda hakuwahi kuulizwa, kisha akamwambia avae.

"Kuna misuli chini kabisa inayobeba kibofu na kizazi," alieleza. "Ifikirie kama kitanda cha kamba. Mimba imekikalia miezi yote ile, uzazi ukazivuta kamba. Zako zimelegea, na kibofu kimeshuka kidogo. Inatibika. Lakini wewe umekuwa unarukaruka juu ya kitanda kibovu."

"Mkunga alisema nikitoka arobaini niendelee."

"Arobaini ni ya kidonda kupona. Haikufanyi tayari kwa mbio. Kutembea, ndiyo. Mazoezi ya pumzi, ndiyo. Kukimbia tungoje mtoto atimize miezi mitatu na ziada, na hata hapo tutakupima kwanza. Ukitembea kwa kasi nusu saa, ukaruka kwa mguu mmoja, bila kuvuja wala kuhisi uzito wala maumivu, ndipo tutazungumza."

"Mashindano ni kabla ya hapo."

"Basi utayakosa."

Lilisemwa hivyo tu, kama mtu anayesema duka limefungwa. Tuda aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Akauliza kama angekaza mkanda tumboni. Nezha akasema mkanda wa kubana sana unasukuma vitu chini. Akauliza kama angefanya mazoezi hayo mara mbili zaidi. Nezha akasema misuli huchoka kama miguu. Akamwambia pia anywe maji, maana mtu anayenyonyesha akijinyima maji anajiumiza, na mkojo mzito unachokoza kibofu zaidi.

"Kaa. Vuta pumzi, tumbo na mbavu zitanuke. Sasa itoe polepole, na wakati unaitoa, vuta juu kule chini, kama unazuia mkojo na upepo kwa pamoja. Usikaze makalio. Kisha achia kabisa. Wakimbiaji wanajua kubana. Kuachia ndiko kunakowashinda."

Tuda alijaribu, akakosea, akajaribu. Upande wa pili wa pazia, alikokaa Itto na mtoto, kukasikika pumzi nyingine nzito ikitolewa.

"Mama," Nezha aliita, "usikaze taya."

Sauti ya Itto ikajibu: "Nilikuwa napuliza uso wa mtoto."

"Mtoto amelala. Njoo ukae hapa."

"Mimi mzee, binti yangu. Mambo hayo yameshapita."

"Umri wako nimewatibu wengi. Njoo."

Mzozo ulikuwa mrefu. Mwisho wake Tuda alijikuta nje ukumbini na Tilila mikononi, anatembea toka ukuta hadi ukuta, na mlango umefungwa. Itto alipotoka, macho yalikuwa mekundu na kilemba kimekaa upande. Ndani ya teksi alikirekebisha kilemba mpaka milima ilipoonekana.

"Kuna kipete cha mpira," alisema akitazama nje. "Daktari anakiweka ndani, kinashikilia. Kumbe kipo siku zote, na mimi nazeeka nacho kitu hiki kama mpumbavu." Tuda alimshika mkono, na kwa mara ya kwanza haukuondolewa.

Ilibaki kumwambia kocha.

"Siwezi kukimbia mwaka huu," alisema kwenye simu.

"Sababu?"

"Za kiafya."

"Afya gani? Nimekuona unapanda mlima! Wamekutisha wazee, sema ukweli. Mimi nimelea wakimbiaji miaka na miaka, kila mmoja ana kisingizio..."

"Kocha, mkojo unanitoka nikikimbia. Na kibofu kimeshuka."

Upande wa pili Akka akakohoa.

"Eh. Basi. Ugua pole," alisema, akakata.

Tuda angecheka kama asingekuwa analia.

Siku ya mashindano alikwenda kuangalia, na alijuta. Miguu ilimruka mahali aliposimama. Shama alishika nafasi ya pili, akaja kumkumbatia, jasho linanuka ushindi, na Tuda akampongeza kwa mdomo huku kitu kikimuuma kifuani. Alirudi nyumbani, akagombana na Moha juu ya chumvi, akaomba radhi, akalala chini chali kufanya mazoezi ya pumzi kwa hasira. Hasira haikusaidia, ilimbidi aanze upya, polepole. Itto alikuwa amelala upande wa pili wa zulia, miguu imekunjwa, naye anapuliza.

Siku zikaenda hivyo. Alitembea, mtoto mgongoni, kisha bila mtoto, kisha kwa kasi. Kuna siku aliona mabadiliko, kuna siku alipiga chafya akalowa akatukana dunia nzima. Mierezi ilipoanza kunukia kwa jua la kiangazi, Nezha alimpima tena, akamruhusu kuanza: dakika moja kukimbia, dakika mbili kutembea, na ukisikia uzito, simama.

Walikwenda wote watatu pale mji unapoishia. Itto alikaa ukutani na Tilila mapajani.

Tuda alikimbia dakika yake. Mguu uligonga lami, ukagonga tena, na kule chini kukashikilia. Kukavu. Barabara ilijivuta mbele yake kuelekea msituni, tupu, na kila kitu ndani yake kilisema endelea, ongeza, nani anahesabu.

"Tembea!" Itto alipaza sauti kutoka nyuma.

"Moja tu zaidi, Mama!"

"Tembea nimesema!"

Akatembea. Moyo ulimdunda, vidole vilimcheza, macho hayakutoka kwenye kona ya juu ambapo mierezi huanza. Dakika mbili hazijawahi kuwa ndefu hivyo. Akazitembea zote, kisha akainua goti kukimbia tena.