Ngazi za Skuli

Ruqaya aliacha kunywa maji asubuhi. Mama yake, Bi Khawla, alidhani mtoto ameanza kufunga sunna. Hakujua kuwa binti yake anaogopa kwenda chooni skuli, maana kwenda chooni lazima ushuke ngazi, na ngazini ndipo wanapokaa Zahran na wenzake.

Skuli ilikuwa jumba la kale la Mji Mkongwe. Ngazi zake za mbao zilikuwa nyembamba, zina kiza hata jua la utosi. Wavulana hujipanga huku na huku, msichana akipita wakambana. Mmoja huvuta mtandio, mwengine hupeleka mkono pasipostahili. Kisha huangua kicheko. Zahran alisoma darasa moja na Ruqaya, kidato cha pili, na alikaa dawati la nyuma yake. Humnong'oneza, "Thubutu kusema. Ntakutangaza mji mzima."

Ruqaya hakuthubutu. Mwaka uliopita Shamsi, msichana wa darasa lao, alisema, na kabla mwezi haujaandama ikawa yeye ndiye mhuni. Baba yake akamtoa skuli. Sasa Shamsi yuko ghorofani Michenzani, anawatazama wenzake dirishani wakipita na mikoba yao.

Siku moja, wakati wa mapumziko, mwalimu alimtuma Ruqaya chaki ofisini. Alipofika juu ya ngazi akawaona, wamempa mgongo. Walikuwa wamembana ukutani Mwanapili, mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka Makunduchi. Vitabu vyake vimetapakaa chini. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikuwa ameinamisha macho tu, anangoja yamalizike.

Ruqaya aliijua ile namna ya kungoja. Miguu ilimtaka arudi.

"Zahran! Mwache!"

Alishtuka mwenyewe kwa sauti yake. Milango ikafunguliwa, na Bi Dalal, mwalimu mkuu msaidizi, akapanda mbio.

"Kuna nini hapa?"

"Tunacheza tu, Bi Dalal," alisema Zahran, huku akimtazama Ruqaya bila ya kupepesa.

"Hawachezi." Ruqaya alishuka ngazi moja. "Na mie wananishika. Kila siku."

Mchana ule wazee waliitwa. Ruqaya alisimama ofisini, akimwogopa mama yake kuliko alivyomwogopa Zahran. Bwana Sleiman, baba wa Zahran, alikaa amekunja nne.

"Wasichana wakijistiri, nani atawagusa?" alisema.

Bi Khawla alikaza buibui lake. "Mtandio wa mwanangu haukujivuta wenyewe, Bwana Sleiman. Mkono ni wa mwanao."

Ruqaya akainua macho, akamtazama mama yake.

Zahran na wawili wenziwe walisimamishwa masomo mpaka muhula uishe. Lakini muhula huisha, na mji ule vichochoro vyake ni vingi. Walipokuwa wakirudi nyumbani, mluzi ulipigwa kutoka barazani, kisha mtu akalitaja jina la Ruqaya, taratibu, kama anayelionja. Ruqaya akaukamata mkono wa mama yake.

"Mama, nnaogopa."

"Hata mie, mwanangu." Bi Khawla hakugeuka wala hakuongeza mwendo. "Kesho ntakupeleka mwenyewe."

Walikwenda mpaka njia panda. Hapo Ruqaya akasimama.

"Mwanapili anakaa kwa shangazi yake, Vuga," alisema. "Huenda skuli peke yake. Kesho tumpitie yeye kwanza."