Ndege wa Asali Mlangoni mwa Pango

Upawa ulikwaruza chungu gizani, taratibu, kama wa mtu anayemalizia uji. Mwanaheri, bintiye Kijakazi kifuani, alisikiliza. Uji uliisha juzi. Mama mkwe wake, Mwahija, alikuwa anakwaruza chungu kitupu ili wadhani amekula.

"Mie nimeshiba," Mwahija alinong'ona. "Mtoto akiamka, mpe ule mzizi wa mng'oko uliobaki."

Mle pangoni kila neno lilinong'onwa. Tangu askari wa Mdachi wachome maghala ya Njinjo, waliobaki na pumzi walikimbilia vilimani, na askari wakawa wanazunguka bondeni wakitafuta moshi. Hata Kijakazi alishajifunza kulia bila sauti, kama mtu mzima.

Kulipopambazuka, ndege wa asali akatua kwenye mninga mlangoni mwa pango. Che-che-che-che.

Mwahija akaketi. "Huyo haimbii mti. Anaita watu. Na mpagazi yeyote wa askari kule chini analijua hilo."

"Ataondoka, mama."

"Aondoke na nani? Ushamwona akiondoka peke yake?" Akaokota jiwe, akalirudisha. "Nikimkosa atazidi. Na mkono wenyewe huu, hata inzi anaucheka."

Bondeni mwanaume akakohoa. Mwingine akamjibu kitu. Mwanaheri alikuwa amechoka hata hofu ikawa inamjia polepole, kama maji yanayopanda mchangani. Alijua jambo moja tu: ndege yule huacha kuita akishapata nta. Akamkabidhi mtoto kwa bibi yake, akachukua kisu.

"Bila moto? Nyuki watakumaliza."

"Kipupwe hiki, mama, na jua bado. Saa hizi nao ni wazito kama mimi."

Ndege akatangulia mti kwa mti, akikunjua weupe wa mkiani, akimngoja kila alipojikwaa. Wakavuka mgongo wa kilima, wakashukia upande usiotazama bonde. Penye mti mkavu wenye tundu, ndege akatulia.

Mwanaheri akauma pindo la kaniki, akazamisha mkono hadi begani. Nyuki walikuwa wamesinzia, halafu wakaamka. Alipoutoa mkono alikuwa na masega mawili, moja la asali, jingine limejaa majana, watoto wa nyuki, meupe, laini, yenye mafuta.

Akalitazama lile la majana. Hilo lingemtuliza Kijakazi siku nzima. Wazee husema ukimdhulumu ndege wa asali, kesho atakupeleka kwa chui. Mwanaheri hakumwaza chui. Aliwaza mninga wa pale mlangoni, na ndege mwenye njaa akirudi kuita.

Akaliweka juu ya jiwe, akarudi nyuma. Ndege akashuka. Kimya.

Aliporudi, Mwahija alikuwa bado ameziba kinywa cha mtoto kwa kiganja. Kikohozi cha bondeni kilisikika mbali sasa, kikielekea mtoni, kisha hakikusikika.

"Wamepita," Mwahija akasema, akaondoa kiganja. Akautazama mkono wa mkwewe uliovimba kama muhogo, akaanza kuupuliza.

Mwanaheri akalikata sega vipande vitatu.

"Changu mpe mtoto," Mwahija akasema. "Mie nimeshiba, mbona mnajua."

Kijakazi alilamba kidole, akawatazama wote wawili, akasema kwa sauti kavu iliyolijaza pango zima:

"Bibi hajala."