Kitabu Kibovu

Kikundi cha wasomaji kilikuwa na sheria moja ya kukera: wakishaingia, mlango wa maktaba haufunguliwi mpaka wote wakubaliane kama kitabu ni kizuri au kibovu. Jumamosi hiyo walivutana wee juu ya riwaya kongwe ya watoto, ya binti anayepaa hadi sayari nyingine kwa cherehani ya bibi yake. Nesi alisema inatisha watoto. Mwalimu mstaafu akaiita upuuzi mtupu. Hatimaye wakalegea, wakakubali ni nzuri. Akabaki fundi wa nguo peke yake.

"Mbovu," alisema.

"Shoga, ubovu wake nini?" nesi akauliza, hoi.

"Mwisho wake. Keshafika huko sayarini, anarudi nyumbani kufanya nini?"

"Si wanamsubiri kwao!"

"Ndiyo ubovu wenyewe huo."

Simu ya fundi ikatetemeka tena mkobani. Mama mkwe huyo. Fundi aliyajua yote yanayomsubiri: masufuria, maji, nguo za mume, na "ulikuwa wapi wewe?" Akaubana mkoba kwapani.

"Mwanangu, una kichwa kigumu wewe!" mwalimu akafoka. "Tulale humu?"

Fundi akautazama mlango uliofungwa, akakikumbatia kitabu alichokisoma na kukirudia mpaka kurasa zikalegea.

"Kibovu," akasema. "Tuanze upya, ukurasa wa kwanza."