Kuku Waliobaki Hai

Mustafa hakupiga hodi. Aliingia uani kwa jirani yake Chausiku, akamtupia jogoo mfu miguuni.

"Huyo ni wa kumi na nane," alisema. "Wako mbona wazima?"

 Mwaka wa pili huo Chausiku alikuwa akiwatilia kuku wake unga wa mwani kwenye maji, dawa ya majaribio ya mdondo, ugonjwa wa kuku, iliyoletwa kijijini Kwedizinga na mtafiti wa kutoka Korogwe, Stefania. Kaya kumi zilipewa. Nyingine, ikiwemo ya Mustafa, ziliachwa hivihivi ili zilinganishwe. Mwaka wa kwanza kuku wa Chausiku waliugua kidogo wakainuka. Safari hii mdondo ulikuja na ukali mwingine. Zamani kuku alizubaa siku nne, tano, ndipo afe. Sasa asubuhi anadonoa mahindi, jioni shingo imepinda, kukicha amekufa.

"Umeufuga ugonjwa kwako, ukaufungulia kwetu," Mustafa alisema, akatoka.

Tangu hapo majirani hawakuitikia salamu ya Chausiku.

Stefania alipokuja kuchukua sampuli, alikuta lango limefungwa kwa mnyororo na Chausiku amesimama upande wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Ulikuwa unajua?"

Stefania aliweka chini kisanduku chake cha barafu. "Majibu ya maabara yalitoka mwezi wa tatu. Kirusi kimeizoea dawa. Kinaishi ndani ya kuku wako bila kuwaua, nao wanakisambaza. Na kadiri kinavyopita kwao, ndivyo kinavyozidi ukali kwa wasio na dawa. Wakubwa wangu walisema tusubiri tuhakikishe."

"Mwezi wa tatu Mustafa alikuwa na kuku banda zima."

"Najua, mama."

"Hujui kitu. Na usiniite mama."

Hakumfungulia. Stefania akabeba kisanduku kitupu akaifuata njia ya Mkata.

Mchana uleule Chausiku alichimba shimo nyuma ya banda. Aliwanyonga kuku wake mmoja mmoja, hata mtetea mwekundu aliyekuwa akiatamia, akawamwagia mafuta ya taa akawasha. Hakulia, kwa sababu Mustafa alikuwa amesimama ng'ambo, uani kwake mwenyewe, akimtazama.

"Na banda?" Mustafa aliuliza.

Chausiku akalichoma na banda. Mustafa alisubiri mpaka paa likaanguka, kisha akaenda zake bila hata kusema pole.