Vipimo vya Kukumbatia

Tulipomuuliza Pheello mchumba wake ana mwili wa namna gani, alinyoosha mikono mbele kama mtu aliyebeba boga. Akafikiri kidogo, akaipanua zaidi, sasa kama mtu aliyebeba kondoo. Halafu akaona haya akaiteremsha.

"Ni wa kawaida tu, Mama Mkubwa," akaniambia.

"Kawaida ya nani?" nikamuuliza. "Yangu au ya mama yako?"

Akatuangalia sisi wawili. Mimi nimekauka kama ufito, na mama yake, MaPheello, akiketi kwenye benchi hakuna mwingine anayepata nafasi. Mimi na MaPheello tumeolewa na ndugu wawili, na tumeishi ua mmoja hapa Mafeteng, bondeni, tangu ujana wetu. Kijana akasema anakwenda kuangalia ng'ombe, akatoka. Ng'ombe wenyewe tuliwauza zamani.

Shida yetu ilikuwa hii. Katika ukoo wetu, bibi harusi akishafika nyumbani na kondoo wa kumpokea akachinjwa, wanawake wa nyumba humwingiza ndani, wakamvua nguo za kwao, wakamvika gauni la shweshwe, kile kitambaa chetu cha pamba chenye nakshi, walilomshonea wao. Gauni hilo linashonwa kabla hajafika, na vipimo haviulizwi kwao. Mama mkwe wetu, Mungu amrehemu, alisema kuuliza ni sawa na kumuuliza mgeni anakula vijiko vingapi. Mkono wa kushona ni wangu, kwa hiyo ni mimi niliyetakiwa kuujua mwili ambao sijauona.

Na MaPheello hakuwa na mchezo katika jambo hili. Siku alipoletwa yeye, mama mkwe alikuwa amemnunulia gauni dukani kwa namba, kwa sababu mtu fulani alimwambia kwamba binti ni mwembamba. Halikufunga. Vifungo vya mgongoni na matundu yake vilitazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Basi wakamfunika blanketi, wakalibana kwa pini mpaka shingoni, na ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, jua la kukausha hata mate. Akaketi hivyo tangu asubuhi mpaka jioni, jasho linamtiririka, na wanawake nyuma yake wakicheka mdomo ukiwa umezibwa kwa kitambaa. Mimi nilikuwepo. Nilimpepea kwa sinia.

"Dada," MaPheello akaniambia baada ya Pheello kutoka, "huyu mtoto wa watu hatafunikwa. Vifungo vyote vifunge. Hata kimoja kisipofunga, mimi sitoki ndani siku hiyo."

Wifi yetu Malerato, shangazi yake Pheello, alikuwa pale akimenya maboga. Akaweka kisu chini.

"Nitumeni mimi," akasema. "Nitakwenda kuwasalimia wakwe. Nitamkumbatia. Mikono yangu haisahau kitu."

"Mikono yako ilisahau sufuria yangu ya kazi msibani," MaPheello akamwambia.

"Sufuria si mtu, wifi."

Basi Malerato akapanda milimani, mpaka huko Mokhotlong, mwezi wa saba, theluji ikiwa magotini. Aliporudi alikuwa na pua nyekundu, na mikono ameizungusha mbele ya kifua.

"Msiniguse!" akapiga kelele getini. "Nimemleta! Yuko humu ndani!"

"Umekaa hivyo kwenye basi njia nzima?" nikamuuliza.

"Nimeshuka sasa hivi, nikaikunja tena pale kwa fundi viatu. Lakini ni yeye, wifi. Nilipomkumbatia, ncha za vidole zimegusana tu mgongoni, hazikupitana. Halafu nikajifanya leso imeanguka, nikainama, nikamshika nyonga. Huko vidole havikugusana kabisa."

Tukaanza kutafuta kitu cha kukumbatiwa. Gunia la unga likawa jembamba. Mtungi wa pombe ukawa mfupi, Malerato akapiga magoti akidai hivyo sivyo alivyomshika. Mwishoni pipa la maji likapatikana kuwa ndilo lenyewe: vidole viligusana ncha kwa ncha. Nikachukua utepe wangu nikalipima pipa. MaPheello akaangalia utepe, akapiga kigelegele.

"Mwanangu ameoa mtu!" akasema. "Si kijiti."

"Ngoja," nikasema. "Wifi, alikuwa amevaa nini?"

"Alivaa kama watu. Blanketi. Ulitaka anipokee na shumizi kwenye theluji?"

Basi ikabidi tujue blanketi linakula kiasi gani. Tukamsimamisha MaPheello katikati ya chumba. Malerato akamkumbatia bila blanketi, kisha akamkumbatia na blanketi, kisha na blanketi na sweta, na kila mara mimi nikapima pengo kati ya vidole. MaPheello akalalamika kwamba hajakumbatiwa hivyo tangu mumewe alipokuwa kijana wa migodini. Tulicheka mpaka jirani akachungulia kuuliza kama kuna mtu amezaa. Mwisho wa hesabu zote, ukimvua binti blanketi na sweta moja, alibaki mtu mnene wa kutosha, mdogo kwa MaPheello kwa kiganja kimoja tu.

Ningeridhika hapo. Lakini Malerato alikuwa amerudi pia na zawadi. Yule binti, Nthati, alikuwa amevua bangili ya shanga mkononi mwake na kusema ampelekee mama mkwe wake. Shanga nyeupe na buluu, kazi nzuri, inafungwa kwa kifungo kidogo. MaPheello alijaribu kuivaa. Haikuzunguka hata nusu ya mkono wake. Akajaribu Malerato, ikakataa. Nikaijaribu mimi, na mimi nimeshasema ni ufito, ikafunga lakini ikaniuma.

"Ilikuwa inambana?" nikamuuliza Malerato.

"Hata kidogo. Ilimkaa sawasawa. Alipoivua niliona alama nyeupe pale jua lisipofika, alama yenyewe upana wa bangili."

Nikakaa na ile bangili mapajani. Mama aliyenifundisha kushona, pale misheni, alikuwa na msemo wake. Kiwiko cha mkono hakinenepi haraka, alisema, lakini kifundo, pale bangili inapokaa, ndicho kisichojua kudanganya. Zungusha uzi kwenye kifundo, uzi huo mara mbili ni shingo. Shingo mara mbili ni kiuno. Si sheria ya mahakama, na mtu akishazaa mara nyingi sheria yenyewe humwonea haya. Lakini kwa msichana hukaribia. Nikapima bangili kwa uzi, nikauongeza urefu mara mbili, kisha tena mara mbili, nikaufunga ncha na kuuweka mezani. Ukafanya duara dogo. Kisahani cha kikombe cha chai kiliweza kukaa ndani yake na kubakiza nafasi ndogo tu.

MaPheello akaliangalia duara, akaangalia pipa.

"Hawa ni watu wawili," akasema.

"Wewe unaamini shanga kuliko mikono yangu?" Malerato akaniuliza, na safari hii hakuwa anatania. Alikuwa amekwenda kwenye theluji, jamani.

"Naamini vyote viwili, wifi. Ndiyo maana nina tabu."

Nilikaa na kitambaa siku kadhaa bila kutia mkasi. Kilikuwa shweshwe ya buluu nzito yenye vidoti vyeupe vidogo kama mchele uliomwagika, MaPheello alikichagua mwenyewe. Nilikifua kwanza kikatoa ule wanga wake na kunywea kadiri kitakavyo, nikakianika, nikakipiga pasi. MaPheello alikuwa akipita mlangoni kila asubuhi na kikombe cha motoho, uji wetu mchachu, mkononi, anatazama mezani, anaona kitambaa kizima, anapita. 

Mwishowe nikamwita.

"Kitambaa kilichokatwa chembamba hakiongezeki," nikamwambia. "Kilichokatwa kipana kinapungua. Nitakata kwa pipa. Nitashona kwa bangili."

"Sijaelewa, dada."

Nikamwonyesha. Pande mbili za gauni nilizikata kwa upana wa kukumbatia kwa Malerato. Kisha nikapiga bandi, mishono ya muda tu, kwa uzi mrefu mweupe, ndani kabisa, kwa kipimo cha bangili, na kile kitambaa kilichozidi nikakiacha kimelala ndani ya mshono, vidole vinne kila upande. Akija mnene, nafumua bandi kwa pumzi moja na kupiga nyingine nje. Akija mwembamba, ndiyo hiyo. Ile mishono ya pambo nikaimaliza yote, na utepe mweupe safu tatu kwenye pindo, na vifungo vya mgongoni nilivishona kwa uzi wa kushonea viatu.

Aliletwa mwezi wa kumi. Huku bondeni joto lilikuwa limeshaanza, mipichi imemaliza maua. Wakashuka kwenye gari wakiimba, na katikati yao Nthati, kichwa chini kama inavyotakiwa, blanketi limebanwa kifuani. Na kweli alikuwa mnene! Malerato akanipiga kumbo la ubavu nusura nianguke.

"Pipa," akaninong'oneza. "Nilisema nini? Pipa!"

Nikafungua mkasi mdogo mfukoni, tayari kufumua.

Kondoo akachinjwa, tukamwingiza ndani, wanawake labda kumi, na shangazi yake mmoja kutoka kwao. MaPheello alikuwa amelibeba gauni juu ya mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa. Nikamtoa binti pini ya blanketi. Chini yake sweta ya kijani. Jasho lilikuwa limemwagika mpaka kwenye nyusi. Nikamvua ile sweta. Chini yake sweta nyekundu. Nikavua nyekundu. Chini yake ya kahawia, ya kiume, imeshonwa viraka viwikoni.

"Hebu," akasema Malerato, taratibu.

Chini ya ile ya kahawia kulikuwa na blauzi, na sketi, na shumizi, na shumizi, na shumizi ya tatu. Na chini ya hizo zote alikuwepo Nthati, mwembamba kama mwanzi wa mtoni, mabega mawili na macho.

Wanawake wakaanza. Mmoja aliguna, mwingine akaweka kitambaa mdomoni, na nikasikia kile kicheko kilekile cha miaka ile, kinapita puani. Binti akainamisha kichwa zaidi. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama alisema watu wa bondeni hawapendi mwiko, wanapenda chungu," akasema. "Shangazi wa mume hapandi milimani mwezi wa saba kwa kupenda theluji. Tukajua amekuja kunipima. Nikavaa. Basi nikaona na leo nisipovaa, mtasema mmeletewa mwingine."

Hapo mmoja akashindwa, akacheka wazi. Macho ya binti yakajaa.

"Nyamazeni," akasema MaPheello.

Hakupaza sauti. Lakini MaPheello akisema neno chumbani, chumba kinalisikia. Akamsogelea Nthati, akamfuta jasho usoni kwa pembe ya aproni yake mwenyewe, polepole, paji la uso, kisha mashavu, kisha shingo.

"Nyoosha mikono juu, mwanangu," akamwambia.

Gauni likashuka. Nilisimama mgongoni nikiwa na sindano kwenye kola, lakini MaPheello alinisogeza kwa kiwiko. Vifungo alivifunga yeye. Cha kwanza shingoni. Cha pili. Alikuwa akihema kama anayepanda kilima. Kwenye kiuno, pale palipomshinda yeye zamani, akasimama kidogo, kisha nikaona kidole gumba chake kinasukuma, na kifungo kikaingia tundu lake bila ubishi. Akavimaliza vyote mpaka chini. Kisha akapitisha kiganja juu ya safu yote, kutoka juu hadi chini, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Mikono ya gauni ndiyo ilikuwa mifupi. Watu wa milimani wana mikono mirefu na hakuna aliyenipimia. Nikafumua pindo mbili palepale, nikazishona upya amesimama.

"Nisamehe, shangazi," Nthati akamwambia Malerato, huku nimemshika kifundo cha mkono.

"Nikusamehe nini?" Malerato akajibu. "Mimi nilisema nimemkumbatia mtu mnene. Nilimkumbatia. Alikuwa wa sufu!"

Sasa tukacheka wote, na yeye akacheka nasi, shumizi zake tatu zikiwa zimerundikana sakafuni kama mtu wa pili.

Blanketi ni lazima, akavikwa. MaPheello akalibana kwa pini begani, upande mmoja tu, likaachia mgongo wote wazi. Wazee walioketi nje walipoona wakatikisa vichwa, lakini yeye alimtanguliza binti polepole, akamgeuza juani, akamsimamisha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mgongo kwa watu. Akapewa jina lake jipya, MaTlotliso, mama wa mtoto ambaye bado hajazaliwa, na vigelegele vikapanda.

Wiki iliyofuata nilimaliza mishono ya ubavuni kwa cherehani, nikakata kile kitambaa kilichozidi ndani. Vikatoka vipande viwili virefu vya buluu, upana mzuri. Nilikuwa navikunja nivitie kwenye kapu la viraka MaPheello alipoingia na kitu amekifunga kwenye taulo. Nthati alikuwa pamoja nami, ananikunjia utepe wa kupimia.

MaPheello akafungua taulo mezani. Gauni la dukani, buluu iliyopauka, vifungo vya mgongoni vyote vipo, havijawahi kufungwa.

"Sijui kwa nini sikulitupa," akasema. "Dada, hili linaweza kufanywa kitu?"

Nililigeuza nikaangalia mishono yake. Nthati ndiye aliyeokota vile vipande viwili, akaviweka ubavuni mwa gauni la mama mkwe wake, kimoja huku na kimoja kule, akasimama nyuma kuangalia.

"Mama, simama nikupime," akasema. Akazungusha mikono yake mirefu kumkumbatia, na vidole vikapitana.

Jumapili hiyo MaPheello aliongoza njia kwenda kanisani, amelivaa gauni lile, na ubavuni mwake ile mistari miwili mipya ilionekana kwa mbali, buluu nzito kwenye buluu iliyochoka. Kulikuwa na ubaridi wa asubuhi, na manyunyu kidogo. Blanketi aliliacha nyumbani.